Mwizi wa Mita Ishirini

Mansuetus Ndunguru ni mtu wa kawaida kabisa, na kama si mimi asingekuwa na habari ya kuandikwa. Ni Mmatengo wa milimani, upande wa Kitura, mkulima wa kahawa, mahindi na maharage, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Kanisani haimbi, anatikisa midomo tu. Hajawahi kupelekwa kwa mtendaji wala kupigana kilabuni. Lakini ukiwauliza watu wa kijijini kwetu habari zake, watakwambia ni yule aliyemwibia ardhi kaka yake mgonjwa. Maneno hayo niliyatoa mimi, Tadea, mjane wa huyo kaka, Bernadi, na mwalimu wa hesabu.

Nitaeleza yalivyokuwa, na sitajipamba.

Baba mkwe wetu, Mzee Nicholaus, alikuwa na ntambo moja, yaani mgongo mmoja wa mlima katikati ya vijito viwili, kama Wamatengo wanavyogawana ardhi tangu zamani. Mwaka 1978 aliona nguvu zinamwishia, akaamua kuwagawia wanawe wawili. Alichukua kamba ya katani aliyoipima mwenyewe kwa futi ya seremala, mita hamsini kamili. Akaanzia kwenye njia ya juu inayopita kileleni, akailaza kamba ardhini kuteremka, mara ya kwanza, mara ya pili. Pale ilipoishia akafukia mawe mawili meupe, nusu ndani nusu nje. Akasema, "Mita mia hizi za Bernadi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Kuanzia kwenye mawe mpaka kijitoni ni za Mansuetus." Sehemu ya Mansuetus haikupimwa, maana maji yenyewe yalikuwa mpaka. Mimi nilikuwa nimesimama pale juu na mtoto mgongoni. Kamba niliiona kwa macho yangu.

Wageni wakija kwetu huuliza tunawezaje kulima ukutani. Hawakosei sana. Shamba letu mtu analitazama usoni, halitazami miguuni. Tunalima kwa ngoro, mashimo ya mraba yaliyozungukwa na matuta, ambayo hushika maji ya mvua yasiporomoke na udongo wote. Mansuetus alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko mtu yeyote niliyemwona. Ngoro zake zilinyooka kiasi kwamba bwana shamba alikuwa analeta watu kutoka Litumbandyosi kuja kuzitazama, naye anajificha nyuma ya nyumba mpaka wageni waondoke.

Mwaka 1989 Bernadi alianza kukohoa. Jembe likamshinda mwaka uliofuata, na tangu hapo Mansuetus alilima mashamba mawili, la kwake chini na la kaka yake juu. Hakuombwa. Asubuhi unasikia jembe, unajua ni yeye. Mwaka huohuo wa tisini alipanda mibuni mia mbili upande wake, kuanzia chini kidogo ya mawe meupe. Naitaja mibuni hiyo kwa kuwa baadaye niliigeuza ushahidi.

Bernadi alikufa Februari 1993. Baada ya hapo nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaugusa, unajua ni wako, lakini hauna habari. Nilikwenda darasani, nilisahihisha madaftari, nilipika ugali, nilimwogesha Beata, binti yangu wa mwisho. Watu walisema mwalimu ana moyo mgumu, anamshukuru Mungu kwa yote. Sikuwa namshukuru mtu. Sikuwa nahisi kitu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinapenya ganzi ile, nacho ni woga. Ilikuwa miaka ya biashara huria. Chama cha msingi kilichokuwa kinanunua kahawa tangu nikiwa mtoto kilikuwa kinakufa polepole, na wanunuzi binafsi wakaja na magari yao na mizani yao. Watu wakaanza kusema kwamba sasa hata ardhi itanunuliwa na wenye nguvu, na asiye na karatasi ni mgeni juu ya shamba lake. Mimi nilikuwa mjane. Niliwaona wajane wawili wakitolewa kwenye mashamba ya marehemu waume zao kwa maneno matamu, mmoja akiambiwa akapumzike kwao. Nikasema mimi sitapumzika. Nitatafuta hati yenye jina langu, hata kwa miguu mpaka Songea.

Mpimaji alikuja Julai 1995, kijana mwenye miwani na darubini ya miguu mitatu. Alikaa siku mbili. Nilimwonyesha njia ya juu na mawe meupe, akaweka chombo chake hapa, akakiweka pale, akaandika. Siku ya tatu akanipa mchoro safi wa shamba langu. Upande wa kuteremka, kutoka njiani mpaka kwenye mawe, aliandika mita themanini.

Nilisimama na ile karatasi. Mia ya Mzee Nicholaus niliiona ikilazwa. Themanini ya mpimaji ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyeusi. Mia toa themanini ni ishirini. Hesabu ya darasa la pili. Nikajiuliza ni nani aliyekuwa na jembe juu na chini ya mawe yale miaka mitatu mfululizo, bila mwenye shamba kuweza kusimama. Nikatazama mibuni mia mbili iliyopandwa karibu na mpaka, mwaka uleule jembe lilipomshinda Bernadi. Jibu likaja lenyewe, na nilifurahi kulipata. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka miwili sikuhisi kitu, na siku ile nilihisi hasira, nikaiona ni nafuu.

Sikwenda kwa Mansuetus kumuuliza. Nilikwenda kwa Mzee Hyasinti, mkubwa wa ukoo, akaitisha kikao uani kwake Jumapili baada ya misa. Watu walijaa kuliko nilivyotarajia. Nilisimama nikaeleza kama ninavyoeleza darasani, kwa mpangilio, karatasi mkononi. Kila mtu aliniamini. Nilikuwa nimewafundisha nusu yao.

Mansuetus aliinuka taratibu.

"Shemeji, mawe yale sijayagusa," alisema. "Naomba kitu kimoja tu. Twende wote sasa hivi, tuteremshe kamba, tupime kama alivyopima baba."

Tungefanya hivyo, mambo yangeishia palepale, kabla ya chakula cha mchana. Nami ndiye niliyekataa.

"Kamba inavutika, shemeji," nilimwambia. "Leo tuache chombo cha serikali turudi kwenye katani? Chombo kile hakina shemeji wala ndugu."

Watu wakacheka. Mzee Hyasinti naye akacheka. Mkewe Mansuetus, Albina, akasimama akiwa amembeba mtoto mdogo.

"Mume wangu hajaiba," alisema. "Ninalima naye kila siku. Mawe yangehama ningeyaona."

Akaambiwa akae, wanaume wanazungumza. Kwamba mimi pia ni mwanamke na nilikuwa nazungumza, hakuna aliyelikumbuka, maana mimi nilikuwa mwalimu. Albina akakaa. Mansuetus alikuwa bado amesimama.

"Mwalimu, una uhakika?" aliniuliza.

"Mia toa themanini ni ngapi?"

"Ishirini."

"Basi."

Nilimuuliza hivyo mbele za watu, mtu mzima mwenye watoto wanne, kama mtoto aliyechelewa kujua namba. Na akajibu kama mtoto. Nakumbuka alitazama mikono yake muda mrefu, kisha akasema kama kikao kimeona hivyo, yeye hana neno.

Mpimaji akarudi wiki iliyofuata. Nilimwambia inatakiwa mia. Akapima mia, akateremka, akateremka, akasimamisha bikoni, nguzo ya zege ya mpaka, chini kabisa ya mawe meupe, katikati ya ngoro zilizokuwa chini ya mibuni. Mibuni yote mia mbili ikawa yangu, na mistari ya ngoro chini yake. Sijui kama kijana yule alielewa kilichokuwa kinaendelea. Hakuna aliyemuuliza chochote, alionyeshwa kazi akafanya. Hati ikatoka, mita mia, jina langu. Nikaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Hakuna aliyemfukuza Mansuetus. Sisi hatufukuzani. Ila kwetu mtu mmoja halimi mlima peke yake. Kuna ngokela, kazi ya kusaidiana, leo kwako kesho kwangu, na pombe baada ya kazi. Albina alipika pombe, wakangoja, hakutokea mtu. Wakapika tena mara ya pili, wakaja wawili, wakanywa wakaondoka. Mwishoni mwa Septemba walifunga vitu wakateremka ziwani na watoto wote, kwenye kijiji kimoja kusini mwa Mbamba Bay, ambako Albina alikuwa na ndugu wa mama. Walipita mlangoni kwangu asubuhi. Mansuetus akasema, "Shemeji, sisi tunatangulia." Nikamjibu safari njema. Nilikuwa nachambua maharage, sikusimama.

Miaka miwili na nusu ikapita. Nilivuna mibuni yake, na ilizaa vizuri.

Machi 1998 nilikuwa nafundisha darasa la saba Kanuni ya Paithagorasi. Katika pembetatu mraba, ukichukua urefu wa kila upande katika zile pande mbili zinazokutana kwenye pembe mraba, ukauzidisha kwa wenyewe, kisha ukajumlisha, unapata sawa na upande mrefu uliozidishwa kwa wenyewe. Ule upande mrefu, unaolala kutoka juu mpaka chini, tunauita kiegama. Kanuni hiyo nimeifundisha miaka kumi na tisa, usingizini naweza. Vitabu vilikuwa vinne kwa wanafunzi arobaini na watatu, kwa hiyo maswali nilikuwa natunga mwenyewe, na nilijisifu kwamba natunga maswali ya kwetu, si ya ngazi zilizoegemezwa kwenye maghorofa ambayo hakuna aliyeyaona. Siku ile niliandika ubaoni hivi: Mkulima ameshuka mteremko wa mita 100. Sasa yuko mita 60 chini ya pale alipoanzia. Je, ukimchora kwenye ramani, ameenda mbele mita ngapi?

Nilichagua namba hizo kwa kuwa zinagawanyika vizuri. Mia mara mia ni elfu kumi. Sitini mara sitini ni elfu tatu na mia sita. Ukitoa unabaki na elfu sita na mia nne, na kipeuo chake cha pili ni themanini.

Nilikusanya madaftari nikasahihisha mezani kwangu, kalamu nyekundu mkononi. Themanini, vema. Themanini, vema. Themanini, vema. Kwenye daftari la kumi au la kumi na moja nikaandika vema, na mkono ukabaki palepale. Nilisoma tena swali langu mwenyewe kwenye mwandiko wa mtoto. Ameshuka mteremko wa mita mia. Kwenye ramani ni themanini.

Nilimaliza kusahihisha. Thelathini na mmoja walipata.

Nilikwenda nyumbani nikatoa mchoro wa kwanza kwenye sanduku. Karatasi haijui mlima. Karatasi hupima kana kwamba dunia yote imelala sawa na maji yaliyotulia. Mzee Nicholaus alilaza kamba juu ya ardhi, pale mguu unapokanyaga na jembe linapochimba, akapata mia. Mpimaji alipima chini ya mteremko, sakafu isiyoonekana, akapata themanini. Wote wawili walikuwa sahihi, na wote wawili waliishia kwenye mawe yaleyale. Kosa lilikuwa langu peke yangu, la mwalimu aliyetoa themanini ya sakafu kwenye mia ya mteremko kana kwamba ni kitu kimoja.

Sikulia wala sikupiga magoti. Nilikaa kitandani. Nikafikiri labda nimekosea tena, safari hii kwa kupenda kujihukumu, kwa hiyo Jumamosi nikaazima pima maji kwa fundi, nikachukua ubao ulionyooka wa mita mbili na uzi uliofungwa jiwe, nikamwita Beata. Tulianzia njiani. Ncha moja ya ubao inagusa ardhi upande wa juu, ncha ya pili Beata anaishika hewani mpaka pima maji iseme umelala sawa, kisha tunateremsha uzi kutoka ncha ya pili mpaka chini, tunapima uzi. Mahali pengi ncha ile ilimfika Beata utosini. Halafu tunahamia pale jiwe lilipogusa, tunaanza upya. Tulifanya hivyo mara arobaini mpaka tukafika kwenye mawe meupe, ambayo hakuna aliyekuwa ameyagusa, wala kabla ya kikao wala baada yake. Mbao arobaini za mita mbili, themanini. Nyuzi zote kwa jumla, hamsini na tisa na nusu. Mwisho tukalaza kamba ardhini. Ikasoma mia kasoro shubiri.

"Mama, kwa hiyo baba mdogo hakuhamisha mawe?" Beata aliuliza. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Hakuhamisha."

Nikampeleka mpaka kwenye bikoni, tukapima kutoka kwenye mawe kwa kamba. Ishirini na tano. Kijana wa darubini alipoambiwa aongeze ishirini za kwenye karatasi, ardhini zilikuwa ishirini na tano. Kwa hiyo mwizi alikuwepo kweli kwenye ntambo ile, na alichukua zaidi ya alichokuwa amelalamikia.

Mtu mwema angeondoka kesho yake. Mimi nilikaa miezi minane. Mwanzoni nilikuwa na sababu, mvua za Elnino zilikuwa zimeila barabara ya kuteremka ziwani na malori hayapiti. Barabara ikatengenezwa mwezi wa sita. Kisha nikasema nivune kahawa kwanza, ikiwemo ya mibuni yake. Kisha mitihani ya darasa la saba. Novemba sababu zikaisha.

Niliteremka na lori la kabichi mpaka Mbamba Bay, kisha nikatembea saa moja na nusu kando ya maji. Huko ardhi imelala. Mashamba ya mihogo yanaanza mchangani na kwenda mpaka chini ya vilima bila mtu kuinua goti. Niliulizia Mmatengo anayeitwa Mansuetus, nikaonyeshwa nyumba. Nje alikuwepo msichana mkubwa anageuza usipa, dagaa wa ziwani, juu ya kichanja. Nilimtambua Glorious, kifungua mimba wao. Naye alinitambua, maana aliacha kazi akapangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Mama yuko wapi?"

"Mama alifariki. Mwaka jana, mwezi wa tano. Malaria."

Kwetu mtu wa ukoo akifa, hata awe Dar es Salaam, habari hufika kabla ya kaburi kuchimbwa. Ya Albina haikuletwa. Nilimuuliza kwa nini.

"Baba alisema mtasumbuka bure kuja kumzika mke wa mtu kama yeye," Glorious alijibu, akaniletea kigoda.

Mansuetus alirudi kutoka kwenye mihogo karibu na saa nane. Alikuwa amekonda, mikono ikazidi kuonekana mikubwa. Alinikaribisha vizuri. Aliuliza habari za Beata, za shule, za Mzee Hyasinti, kama mtu anayeuliza habari za nchi nyingine. Nilimpa pole ya Albina, akasema ahsante, tumeshapoa. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ile ardhi.

"Ile si tulimaliza, mwalimu?"

Nilichukua kijiti nikachora mchangani. Nikaanza na pembe mraba, nikataja pande zake, nikafika kwenye vipeuo. Nikaona amenyamaza kwa adabu kama wanafunzi wa nyuma, nikaacha. Nikanyoosha mkono kwenye nyumba yake.

"Shemeji, ukisimama ndani ya nyumba, kutoka katikati ya sakafu mpaka ukutani ni hatua ngapi?"

"Tatu."

"Na bati kutoka kileleni mpaka ukutani, linalala juu ya hatua hizohizo tatu. Lina urefu uleule?"

"Hapana. Bati ni refu zaidi, si limeinama?"

"Baba alipima bati. Mpimaji alipima sakafu."

Alitazama nyumba yake, akatazama mchoro, kisha akatazama nyumba tena. Haikumchukua muda kama ulionichukua mimi.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ni paa."

"Mawe hayakuhama. Nilikosea mimi. Na nilikuchukulia mita ishirini na tano, si ishirini. Nimekuja kukurudishia, na nitasema mbele ya watu walewale, baada ya misa, palepale uani kwa Mzee Hyasinti."

Nilitarajia akasirike. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima, na naamini ningelistahimili. Alichofanya ni kuniuliza swali kwa upole kabisa.

"Sasa mwalimu, dhambi niliyokwisha kuiungama nifanyeje nayo?"

"Dhambi gani?"

"Ya wizi. Niliiungama kwa padri. Sikukumbuka kuhamisha mawe, lakini nikasema mwalimu hakosei hesabu. Ngoro ukizifukua kila msimu zinapanda, zinapanda, huenda mawe nayo yalipanda na jembe langu bila mimi kuangalia. Nikaona nikikataa nitakuwa mwizi na mwongo. Nikaungama, nikapewa malipizi, nikayafanya. Na watoto niliwaambia baba yenu aliiba ardhi ya marehemu, ninyi msije mkafanya hivyo."

Glorious alikuwa amesimama mlangoni na sahani. Sijui alisikia tangu wapi. Aliiweka sahani chini.

"Kwa hiyo hukuiba?" alimuuliza baba yake.

"Mwalimu anasema sikuiba."

"Mama naye alisema hukuiba. Kila siku alisema. Ukamwambia anyamaze, anakuongezea dhambi kwa kukutetea."

Mansuetus alianza kusugua mikono yake magotini.

"Hata alipokuwa na homa, baba. Alikwambia Mansuetus, hukuiba. Ukamwambia Albina, niache."

Alisema hayo bila kupaza sauti. Mimi nilikuwa nimeshika kijiti, na kwa mara ya kwanza tangu Bernadi afe nilihisi uchungu, nikatamani ganzi yangu irudi. Haikurudi. Mansuetus akainuka.

"Twende," aliniambia.

"Wapi?"

"Ukamweleze na yeye."

Makaburi yako nyuma ya kanisa, mwendo wa dakika kumi. Tulikwenda watatu, Glorious mbele. Kaburi la Albina lilikuwa na msalaba wa mbao na mawe yamepangwa pembeni, limefagiliwa. Mansuetus akavua kofia akasimama miguuni pa kaburi, akanionyesha kwa kidevu kwamba nianze. Nilipiga magoti kwenye mchanga.

"Albina, ni mimi, Tadea," nilisema. "Mumeo hakuiba. Ulisema kweli pale kikaoni, tukakwambia ukae. Mimi ndiye niliyewachukulia mita ishirini."

"Ishirini na tano, mama mkubwa," Glorious alisema nyuma yangu.

Nikaanza tena, nikasema ishirini na tano.